Aliyebonyeza Dirisha la Tatu

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi tu wazima, mama mguu umepungua uvimbe. Nawe je? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu barua pepe za hapa hospitali sina hakika zinasomwa na nani.

Ile maktaba ya kompyuta uliyoiandika kabla hujaacha kazi hapa, inayounganisha programu ya mapokezi na hifadhidata ya wagonjwa, inaanguka: skrini zote zinaganda. Si kila siku. Leo mara moja, kesho na keshokutwa shwari, kisha tena. Tukiiwasha upya inatii kana kwamba haijafanya kitu. Mkuu anasema uliondoka umenuna, huenda ulitutegea mtego humo. Mimi namshuku karani wa dirisha la tatu: kila ikianguka, aliyebonyeza kumtafuta mgonjwa ni yeye. Niambie ukweli, dada. Ulitega?

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwili haujambo, ila barua yako imenichoma. Nani amekutuma? Kama ni mkuu, msomee hii kwa sauti.

Nilinuna, ndiyo, lakini niliwanunia wakubwa, si wagonjwa. Sikutega kitu. Acha kuandika nani kabonyeza. Andika saa ngapi, na kabla ya hapo mfumo ulikaa kimya muda gani. Na yule mama wa dirisha la tatu mwache. Hajawahi hata kuchelewa kazini.

Dada yako

27 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Mama anakusalimu, sasa anatembea mpaka dukani.

Mkuu alimsimamisha kazi yule mama kwa neno langu. Nikakaa dirishani kwake kifua mbele. Siku tisa shwari, nikajipongeza. Siku ya kumi tukatoka kwenye kikao kirefu, nikabonyeza mara moja tu, ikaanguka mikononi mwangu.

Ndipo nikakusikiliza. Inaanguka baada ya kimya cha nusu saa na zaidi. Siku za kawaida makarani hupokezana usiku na mchana, hata kula hula kwa zamu, kimya hakuna. Siku ya kikao wote huondoka, na yule mama ndiye hurudi wa kwanza. Kosa lake ni kuwahi. Lakini kwa nini kimya kiiangushe?

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mguu wa mama.

Ukuta wa usalama wa mtandao wenu hukata muunganisho uliokaa kimya nusu saa, wala hauagi. Maktaba hubaki nao ikidhani ni mzima, ikampa mtu wa kwanza anayekuja. Nililijua hilo, ndiyo maana niliweka mstari wa kubisha hodi: muunganisho usipoitika, unatupwa, unafunguliwa mwingine. Mstari huo uko wapi? Orodha ya mabadiliko inamtaja aliyeufuta, na nina wasiwasi unamjua. Wiki yako ya kwanza hapo ulijisifu kwangu kwamba umeifanya programu iwe nyepesi.

Usiniandikie mpaka umwambie mkuu.

Dada yako

19 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nimemwambia, mbele ya makarani wote. Nimepewa onyo la maandishi, yule mama amerudishwa kazini, na mstari nimeurudisha. Nilipokuuliza kwa nini kimya kiiangushe, jina langu nilikuwa nimeshaliona kwenye orodha. Nilitaka kujua kama utanigundua. Halafu nikakaa wiki tatu nikiogopa kufukuzwa, mama wa watu yuko nyumbani. Naona aibu mpaka kwako.

Jana kulikuwa na kikao. Yule mama akarudi wa kwanza, kama kawaida yake, akanikuta namsubiri. Nikamwambia, "Mama, bonyeza tu, imepona." Akaweka mikono chini ya meza.

"Bonyeza wewe, mwanangu. Mimi nitazame."

Nikabonyeza. Haikuanguka. Akatoa daftari kwenye mkoba, akatazama saa ya ukutani, akaandika saa na dakika, kisha jina langu.

Mdogo wako