Siga na Bia Nyeusi kwa Kukisia

Alhamisi, Magogoni

Na leo tena sikunusa kitu. Mgeni mmoja pale baa ya hotelini Nyali, ninakowachagulia wageni siga, zile sigara nene za majani ya tumbaku, aliniuliza ipi inaendana na bia nyeusi. Nikaipitisha moja puani, nikafumba macho kama zamani, nikamchagulia kwa kukumbuka tu.

Akavuta, akanywa, akacheka. "Wewe bingwa!"

Niliona aibu. Tangu homa iliponiondolea uwezo wa kunusa, miezi mitatu sasa, siga na kuni kwangu ni mamoja.

Jioni mke wangu Kadzo aliingia jikoni mbio. "Baba Kahindi, maharagwe yanaungua nawe umekaa papo hapo! Husikii harufu?"

Nikatikisa kichwa. Akazima jiko, akaketi kando yangu. "Tangu lini?"

Nikamwambia. Akaniuliza kazi itakuwaje, nikamwambia nitaendelea kukisia.