Figo ya Kaka, Juisi ya Shangazi

Alhamisi, Bagamoyo. Mvua ya asubuhi imekatika, jua linachoma.

Wewe unayesoma, nakuomba kwa jina la Mungu: ukinitambua, usiseme neno. Si kwa kaka Idrisa, si kwa shangazi. Ofisini ndiyo kabisa.

Figo ninayoishi nayo ni ya kaka Idrisa. Alinipa nikiwa mwanafunzi, na huu ni mwaka wa nane. Watu wakiniombea husema, Mungu akuongezee kinga. Naitikia amina, kisha nameza dawa za kuishusha, maana kinga yangu ikiamka itaiona figo ya kaka kuwa mgeni na kuishambulia.

Wiki iliyopita kipimo cha damu kilionyesha figo imelegea. Daktari wa Dar akaagiza vipimo viwili zaidi: kama mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya figo, na kiasi cha dawa kilichomo kwenye damu. Nikarudi kazini, masjala, kupanga mafaili. Nilijaribu kutunga maneno ya kumwambia kaka.

Niliandika ujumbe, nikaufuta.

Leo majibu yametoka. Kingamwili hakuna. Hakuna!

Ila dawa imezidi mno, na ikizidi huumiza figo. Daktari akaniuliza nimekula nini, mitishamba au balungi. Nikaapa sijala. Balungi nilikatazwa tangu mwanzo, maana huipandisha dawa hii kwenye damu; silisogelei. Kisha nikakumbuka juisi ninayonyweshwa kila asubuhi tangu nihamie kwa shangazi, kijijini Zinga. Nikatoka nje, nikampigia.

"Shikamoo shangazi. Ile juisi ya pesheni huwa unatia na nini?"

"Marahaba. Na balungi la hapo uani, ndiyo siri yake! Kwani unataka kufungua mgahawa?"

Nikacheka huku nalia. Nikamwambia kuwa daktari amenikataza vitu vichachu.

"Basi nitakutengenezea ya tikiti. Usikonde, mwanangu."

Hatajua kamwe. Akijua, chakula hakitampita kooni.

Daktari nimemweleza ukweli; amepunguza dawa kidogo, damu itapimwa tena wiki ijayo, na anatarajia figo itatulia. Alhamdulillahi. Nashukuru kwa muuguzi aliyeupata mshipa mara ya kwanza, kwa kaka, hata kwa shangazi na mapenzi yake yaliyotaka kuniponza.

Nawe, kama unaishi kwa figo ya mtu na majibu yako hayajatoka, usinitafute ofisini wala usiniulizie Zinga. Andika hapa chini, bila jina. Mimi huingia humu jukwaani mchana, wenzangu wakienda kula. Nitangoja pamoja nawe.