Mguu wa Nne wa Kigoda

Jumatatu, 5 Septemba 1983

Nimefungua ofisi saa mbili. Nikafagia nywele. Kila Jumatatu ni hizo hizo, nywele za wanawake nisiowajua, zimepeperuka kutoka saluni hadi chini ya meza yangu. Mafuta yaliyoungua yamenukia hadi vitabuni. Leo nimefungua kitabu cha historia, kikanuka kichwa cha mtu. Kinyaa kitupu.

Chama cha Utafiti wa Mila na Historia. Bango bado liko juu ya mlango. Baraza la mji lilitukodishia nyumba hii, vyumba sita, tufanye utafiti. Tumebaki na kimoja, hiki changu mimi katibu. Ukumbi wa mihadhara ni kanisa, ngoma siku tatu kwa wiki. Maktaba ni ya fundi cherehani na wanafunzi wake. Vyumba viwili vya nyuma, karani wa mifugo na familia yake na kuku wao. Chumba cha makumbusho ni saluni ya Mama Wanjiru, mwanamke wa Nyeri. Sisi wapangaji tumegeuka malandilodi. Wasomi!

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mke wangu husoma kila kipande cha Kikamba kilicho nyumbani. Hiki hakigusi. Anasema ni lugha ya korti, na korti haijawahi kumpa kitu.

Jumatano, 14 Septemba

Kamati imekaa. Watu wanne, chai, maandazi. Hakuna aliyetaja utafiti. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Musembi, alikuwa hedimasta miaka ishirini na bado anaongea kama tuko paredi. Ati elimu lazima ijitegemee. Huku anachokoa meno kwa pini ya Chama.

Anataka chumba changu kigawanywe kwa plaiwudi. Nusu iwe duka la dawa. Nimeandika kumbukumbu neno kwa neno. Ndiyo kazi yangu tangu ujana. Nilikuwa mkalimani wa korti miaka thelathini. Mkalimani haongezi, hapunguzi, wala haulizwi maoni yake.

Ijumaa, 23 Septemba

Mfanyabiashara wa mbuzi ameniletea salamu kutoka Tseikuru. Mwaitu Kalekye, yaani Mama Kalekye, anataka kigoda chake.

Nilijua siku hii itafika. Mwaka wa 1971 nilienda kwake mwenyewe, na fomu zangu, wakati Chama kilikuwa Chama. Mumewe alikuwa ameaga. Alikuwa mzee wa nzama, mwenye kuketi na wazee wenzake na kukata kesi. Kigoda chake kilikuwa na miguu mitatu, kimechongwa kwa mti mmoja, nyuzi za shaba zimepigwa kwenye kikalio hadi zinang'aa. Watoto walikuwa wakikizunguka kwa mbali. Hakuna aliyekikalia, hata yeye mkewe.

Alikataa siku mbili. Siku ya tatu akanipa, kwa sharti moja. Kimanzi, kifungua mimba wake, akifika siku ya kuingizwa katika nzama, kigoda kirudi. Mtoto akalie cha baba. Nikaapa kwa mdomo wangu. Nilikula ugali wake siku hizo tatu.

Kimanzi anaingizwa Novemba, mvua ikianza.

Jumatatu, 3 Oktoba

Nimetafuta asubuhi yote. Kabatini hamna. Stoo hamna, stoo ni ya cherehani mbovu sasa. Vibuyu hamna. Podo la mishale hamna. Vitu sitini na tatu, nilivyoviandikia kadi kimoja kimoja na kuzifunga kwa uzi.

Baada ya chai nikafungua faili ya mikataba. Nikasoma mara mbili.

Mwaka juzi kamati iliamua kwamba chumba chenye vyombo hupangishwa kwa bei nzuri kuliko kitupu. Kwa hiyo orodha ya makumbusho ikageuzwa orodha ya fanicha. Namba zile zile. Vibuyu, vyombo vya jikoni. Ngoma, meza ndogo. Namba 41, kiti kidogo, kimoja. Kila mpangaji amegawiwa fungu lake na kutia sahihi.

Orodha imechapwa na nani? Na mimi. Ile herufi e iliyopinda ni ya mashine yangu. Chini, sahihi yangu. Nilipewa karatasi, nikachapa. Miezi yote hii nawasonya wenzangu. Nyani haoni kundule.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimeingia saluni. Mara ya kwanza tangu ifunguliwe.

Msichana wa shule ya ualimu alikuwa amekikalia, anachomwa nywele kwa kitana cha moto. Kimepakwa rangi ya bluu, ile ya ukutani. Na kina miguu minne.

Minne.

Mama Wanjiru alinieleza bila wasiwasi, kwa sababu hakuwa na hatia. Mteja mnene alipinduka nacho mwaka jana. Akaona kigoda ni kibovu, kimepoteza mguu. Akampa fundi wa mbao autie unaokosekana. Fundi akapigilia msumari mrefu, ukatoka juu katikati ya shaba. Wakaukunja, wakapaka rangi. Lakini sasa kilikuwa kinayumba. Cha miguu mitatu hakiyumbi popote utakapokiweka, hiyo kila Mkamba anajua. Kwa hiyo akaweka karatasi chini ya mguu mmoja.

Nikainama nikaitoa. Imekunjwa mara nne. Namba 41. Kadi yangu.

Mama Wanjiru akaniuliza kama amekosea. Nikasema hapana mama, wewe umetunza kiti chako. Akaniachia kigoda, akataka hata kunipa soda. Nikatoka nje nikatema mate ukutani, mtu mzima, mchana.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimempelekea Mwenyekiti kigoda mezani kwake. Hakukigusa. Akakitazama hivi juu ya miwani.

"Ni kigoda tu, Katibu," akasema. "Kule Wamunyu wanachonga vigoda kila siku. Mnunulie kingine."

Huyu ndiye aliyetoa mhadhara juu ya heshima ya kigoda. Saa nzima. Nilimtafsiria mimi kutoka Kiingereza, wazee walipiga makofi. Namchukia kwa roho yangu yote. Na nilipokuwa nikitoka aliniita, nikadhani ana aibu kidogo. Aliuliza ile plaiwudi inapimwa lini.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimekwangua rangi jioni tatu, kwa kisu na mafuta ya taa. Mke wangu anauliza. Nasema ni kazi ya Chama. Shaba imeanza kuonekana. Msumari sithubutu kuugusa. Nikiuvuta, nyuzi zitakatika.

Nimefikiria Wamunyu. Naandika ukweli hapa. Nilifikiria kununua kingine, kukizeesha kwa moshi na samli, na kumpa yule mama. Nilifikiria siku nzima. Hata bei nilishauliza.

Jumanne, 18 Oktoba

Amekuja mwenyewe. Sikumtarajia. Mwaitu Kalekye, kanga mbili, fimbo, na chupa ya asali ya kuniletea. Asali!

Aliingia kupitia mlango wa mbele, akapita kwaya ikifanya mazoezi, akapita cherehani, akapita saluni. Kuku mmoja akamfuata. Nilikuwa nimekaa na kigoda mapajani. Hapakuwa na mahali pa kukificha.

Alikishika. Akahesabu miguu kwa kidole, pole pole, kisha akahesabu tena. Akagusa msumari. Nikamweleza yote, orodha, fanicha, sahihi yangu, kadi niliyookota chini ya mguu. Kikamba changu kilikwama kama cha mgeni. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama kabati la vitabu, na mlango alioingilia.

"Mlikuwa mnasoma nini humu ndani?"

Nimejibu mahakimu miaka thelathini kwa niaba ya wezi na wauaji, sikukosa neno hata siku moja.

Nikamwomba anipe siku chache, nitafute fundi mzuri autoe. Akakataa. Ati kisiguswe. Nilikichukua kwa mdomo wangu, nitakirudisha kwa mdomo wangu, mbele ya wazee, kikiwa hivyo hivyo. Akaacha asali mezani na kwenda zake. Sijaifungua.

Ijumaa, 28 Oktoba

Fundi wa plaiwudi ameanza. Meza yangu iko mlangoni. Nimeandika barua ya kujiuzulu, mistari miwili. Mwenyekiti ameipokea na kuniomba niichape nakala ya faili. Nimemwambia achape mwenyewe. Ndilo neno kali kuliko yote nililowahi kumwambia, na nililisema kwa sauti ndogo.

Jumamosi, 5 Novemba

Tseikuru. Mvua ilinyesha juzi, ardhi ina rangi ya chokoleti.

Nimesimama mbele ya wazee tisa nikiwa na kigoda cha bluu-bluu chenye miguu minne, na mbuzi wa kuomba radhi, ambaye alikuwa na akili kuliko mimi maana alikataa kusogea. Nikasema. Sikumtaja Mwenyekiti, sikutaja kamati. Nilisema mimi. Kijana mmoja nyuma akacheka. Wazee hawakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Walishauriana. Mbuzi akapokelewa. Mzee mmoja akanyoosha msumari kwa koleo, akauvuta polepole mpaka mguu ukang'oka. Nyuzi tatu za shaba zilikatika. Likabaki tundu. Mwaitu Kalekye akafinyanga nta ya nyuki mkononi, akaliziba kwa kidole gumba. Akalilainisha kama mtu anayefuta uso wa mtoto. Kimanzi akakaa. Hakikuyumba.

Mimi nilikaa chini na vijana. Mbuzi wa kuingilia nzama sijawahi kumtoa, nilikuwa mtu wa mji.

Baada ya nyama Mwaitu Kalekye akaniuliza ile karatasi niliyookota inasema nini. Nikaitoa mfukoni, bado ina mikunjo minne. Nikamsomea, Kiingereza hadi Kikamba, bila kuongeza, bila kupunguza. Kigoda cha mzee. Jina la mumewe. Mti, shaba, urefu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nikafika mstari wa mwisho. Fundi: hajulikani.

Akanisimamisha.

"Nilikuambia jina lake. Ni Nthenge, kaka yangu. Alikichonga hapo ulipokaa, nami nikimshikia."

Kweli aliniambia. Nimekumbuka palepale, hadi kikohozi chake alipolitaja. Lakini kadi zilikuja na mstari huo umechapwa tayari, fundi hajulikani, zote sitini na tatu. Nami niliacha ilivyo. Kabla ya saluni. Kabla ya kamati na plaiwudi. Siku ya kwanza kabisa, nikiwa nimeshiba ugali wake.

Akanirudishia karatasi. Akasema niende nikaandike.

Jumatatu, 7 Novemba

Niko nyumbani. Mvua tangu alfajiri. Sina ofisi ya kufungua.

Nimefungua asali. Nzuri, ina moshi kidogo.

Nimekata kadi mpya kutoka boksi la viatu. Nimeiandika kwa mkono, kwa Kikamba. Mstari wa kwanza nimemweka Nthenge, na kwamba dada yake alimshikia mti. Zimebaki sitini na mbili. Wengi walioniambia wamekufa. Nitaanza na walio hai.

Nimeiacha mezani, karibu na taa, mahali mke wangu atakapoiona.