Uzi Mwekundu Kwenye Pikipiki ya Kipimo

Ni mwaka mmoja sasa tangu spana zako zinyamaze, na mdogo wako ameomba tuanze na lile alilolikwepa mwaka mzima: siku ile ya kukata chuma, mjinga alikuwa yeye. Tumemruhusu aseme. Hakuna aliyembishia.

Ulikuwa fundi wa pikipiki, na mtaa mzima ulikuita Kipimo, kwa kuwa hukukaza nati kabla ya kupima mara tatu. Namba uliziandika kiganjani kwa kalamu, halafu ukala kwa kijiko, tena kwa mkono wa kushoto, zisije zikafutika. Mama alisema hajawahi kuzaa mchafu mwenye hesabu nzuri kama wewe. Pikipiki ya muuguzi wa zahanati ilipozimika njiani, ulimpa yako awahi kazini, ukarudi kwa miguu unaisukuma ya kwake huku unapiga mluzi.

Yako ilikuwa ile ya mbio. Gurudumu lake la nyuma lilishikwa na mkono wa chuma wenye pande mbili, kulia na kushoto. Wewe ulitaka mkono wa upande mmoja tu, ule ulioutoa kwenye pikipiki nyingine iliyogongwa, ili upande wa pili gurudumu libaki wazi, lionekane lote kama sahani iliyooshwa.

"Upande mmoja utaweza kubeba?" mama aliuliza.

"Mama, si ulitubeba watatu kwa mkono mmoja, na wa pili unageuza sufuria?"

"Nanyi hamkuwa mnakwenda mbio hivyo," akajibu, lakini aliondoka anacheka.

Asubuhi ile ulikwenda kwa mkereza vyuma. Mdogo wako, ambaye dunia imemzaba makofi mengi na bado hajajifunza kuuliza, akaona akupunguzie kazi. Akaufungua mkono wa zamani, akawasha mashine, akaukata vipande vitatu upate kuingia kwenye gunia la chuma chakavu. Uliporudi ulimkuta anafagia, kifua mbele.

"Umekata nini?"

"Ule wa zamani. Si unatoka?"

"Ulipima kwanza gurudumu lilikuwa linakaa wapi?"

Akalitazama gunia.

"Bwana mdogo, huo ndio uliokuwa shahidi wangu wa vipimo. Sasa nimuulize nani? Gunia?"

Ukacheka. Ukacheka mpaka ukakaa chini, ukashika kifua, machozi yakakutoka. Mdogo wako naye akacheka kwa kuona hukumgombeza. Sote tulikuwa mlangoni tunacheka. Kumbe pumzi ilikuwa inakukatika, nasi tukadhani ni raha. Hilo mpaka leo halijamtoka.

Mkono mpya ulipoingia, ulikwenda kwenye cherehani ya mkeo, kwa kuwa chumba mlichofanyia kazi kilikuwa kimoja, ukaazima uzi mwekundu. Ukauvuta pande zote mbili, kutoka tairi la mbele hadi nyuma, ukaufunga kwenye miguu ya meza.

"Huu una akili kuliko ndugu yangu," ulisema, "na haujawahi kushika mashine ya kukatia."

Uzi ukaonyesha gurudumu limekwenda kulia milimita nne. Ukaandika nne kiganjani, ukamwagiza mkereza akuchongee bushi, pete ya chuma ya kulirudisha katikati.

Bushi ilikuja siku uliyolazwa. Mdogo wako alikuletea wodini, akakuwekea kiganjani, palepale ile nne ilipokuwa haijafutika vizuri. Ukaigeuzageuza, ukatabasamu.

"Hii ndiyo yenyewe. Msiuguse uzi mpaka nirudi."

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, moyo wako ulisimama.

Hukurudi, na uzi haujaguswa. Mwaka mzima mkeo anapita kiubavuubavu kwenda kwenye cherehani yake. Binti yako anauruka. Mama anashika ukuta kuuvuka, na kiuno chenyewe ndicho kile unachokijua. Vumbi limeufanya wekundu ule kuwa kahawia. Mdogo wako anatembea na bushi mfukoni, suruali mbili zimeshatoboka. Bado anawatania watu wote mtaani, wadogo kwa wakubwa, ila akifika kwenye mlango wa chumba kile maneno humwishia.

Tunaokukumbuka ni mama yako, ambaye bado anakutengea kijiko, mkeo aliye fundi cherehani, binti yako, ambaye siku hizi anaandika hesabu zake kiganjani na mwalimu ameshachoka kumkemea, dada yako, mdogo wako, na mkereza vyuma, ambaye si wa damu lakini amekataa kabisa kuachwa nje ya orodha hii.

Mstari wa kufungia aliuandika mdogo wako. Jana alisimama pale chumbani, sote tupo, akausoma kwa sauti: "Hatutakusahau kamwe, na uzi wako hautaguswa."

Mkeo akasimamisha cherehani.

"Acha hapo kwenye kutosahau. Hayo ya uzi yafute."

"Shemeji, alisema tusiuguse mpaka arudi. Nilishakata kimoja bila kuuliza. Cha pili siwezi."

"Uzi ni wangu. Aliuazima apimie gurudumu, hakuuazima atufunge sisi miguu. Toa hiyo bushi mfukoni, shemeji, uifunge kwenye gurudumu."