Kozi ya Karibu na Wakwe

Nyamasaria, 4 Januari 2025

Maryanne nyathina, mwanangu,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika. Wewe je, kifua kimepona? Najua simu yako inafungiwa kabatini mpaka mtoke kazini kwenye shamba la maua, kwa hivyo naandika ujumbe, utasoma jioni.

Cherehani imelala. Sare za shule siku hizi zinakuja zimeshonwa tayari. Tangu Krismasi nimeshona moja tu, ya mtoto wa pasta, na hiyo ni sadaka. Nimeomba, nimefunga, na moyo unaniambia nisomee kuhudumia wagonjwa. Baba yako nilimuuguza mpaka mwisho na sikuchoka.

Kuna vyuo viwili. Cha mjini kina lifti, na wanataka karo ya mwaka yote mara moja. Cha Katito ni kidogo, cha serikali, unalipa muhula kwa muhula, na ukikwama unapumzika halafu unaendelea. Unasemaje?

Mama yako,
Perez

Naivasha, 12 Januari

Mama mpendwa,

Nashukuru Mungu kifua kimepona. Pole na magoti, yapake ile dawa niliyokutumia.

Mama, Katito hapana. Wanafunzi wa hapo wanapelekwa mazoezini hospitali ya hapo hapo, na hapo ndipo nimeolewa! Kila kitanda kitakuwa na ndugu wa mume wangu Oduor. Utamvua mkwe shuka umuoshe? Watasema mama yake Maryanne amekuja kuangalia uchi wa wakwe. Ngoja mwaka mmoja niweke akiba, uende mjini.

Binti yako,
Maryanne

Nyamasaria, 2 Februari

Nyathina,

Natumaini Bwana anakulinda. Mimi naendelea vizuri, na usinune: nimejiandikisha Katito.

Nilienda chuo cha mjini nikamuuliza yule msichana wa mapokezi, cheti chenu kinatambuliwa na nani? Akaniletea soda. Nikauliza tena, akaniuliza kama nataka baridi. Soda nikanywa, nikaondoka. Cha Katito mtihani wao ni wa taifa, na wahudumu wawili wa kliniki ya hapa kwetu walisomea hapo. Mwaka mmoja wa kungoja, kwa miaka yangu arobaini na tisa, si kitu kidogo.

Mama yako,
Perez

Katito, 9 Juni

Maryanne,

Habari ya jioni, na Mungu akutie nguvu. Najua walikupigia kwamba Oduor ameanguka kutoka kwa lori ya mchanga, paja limevunjika. Jambo ambalo hawakukuambia ni kwamba wamemlaza wodi yangu.

Niliingia na beseni la maji asubuhi, nikaona ni yeye. Alijifunika uso na shuka. "Mama, salamu tu. Usisogee." Nikarudi nyuma mpaka nikagonga mlango. Tangu hapo hali wala hataki kuoshwa. Anasema wodi ambayo mama mkwe yuko, hawezi kulala bila nguo. Anataka abebwe kwa mtu wa kukanda mifupa. Daktari amesema akitolewa sasa, mguu huo unaweza kupotea.

Niliomba wodi ingine. Sista Kageha, mkubwa wetu, akasema zimejaa wanafunzi. "Na ukiacha mazoezi, Perez, muhula huu umekwenda." Nifanye nini?

Mama yako

Katito, 11 Juni

Maryanne, u mzima? Naona umesoma na hujajibu. Leo ametuma mtu atafute pikapu ya kumbeba. Andika hata neno moja.

Mama

Naivasha, 12 Juni

Mama,

Mimi si mzima. Nilikuambia. Nilikuambia Januari! Oduor akibaki na mguu mmoja watoto wangu watakula nini? Hatasema umekosa, anakuheshimu sana, ndiyo maana atatoka. Tafadhali toka wewe. Rudi kwa cherehani.

Maryanne

Katito, 15 Juni

Nyathina,

Bwana asifiwe. Pikapu ilikuja jana.

Mimi nilikuwa nimeshafunga mkoba niende zangu. Nikamkuta mama yake, Rosa, pale mlangoni analia. Ameshindwa kumgeuza hata amuoshe, akimgusa anapiga kelele. Wauguzi wawili, wagonjwa wodi nzima. Nikajua hata nikienda, Oduor ataoza hapo kitandani.

Nikamwambia Rosa avute pazia. Nikakaa nje yake, mgongo wangu kwake, nikasema kwa sauti, "Mama Oduor, ule uzito unaovuta mguu usiguse kabisa. Mto weka nyuma ya mgongo. Mwambie ashike ile chuma juu yake, ajivute taratibu." Rosa akafanya. Nikasikia Oduor akimwambia, "Mama, unaniosha au unakwangua samaki?" Wodi nzima ikacheka, Rosa akamwambia nyamaza, mzee mzima hovyo. Halafu akaniuliza kupitia pazia, vidonda navyo? Nikamwelekeza mpaka mwisho. Kisha nikasikia Oduor anakula uji.

Dereva wa pikapu alipiga honi mpaka akachoka, akaenda.

Nimefanya hivyo tena jana jioni na leo asubuhi. Lakini Sista Kageha hawezi kuniandikia kwamba nimemaliza mazoezi. Alisema kwa upole, "Hata kwetu ukwe ni ukwe. Ila mazoezi ni ya mikono, si ya mdomo. Utarudia Septemba." Kurudia ni kulipa muhula tena. Sina. Nitakaa hapa mpaka Oduor aweze kusimama, halafu nitarudi kwa cherehani kama ulivyosema. Usijilaumu. Kozi ilikuwa ya bei yangu, ni hii mara ya pili ndiyo imenizidi.

Mama yako,
Perez

Naivasha, 21 Juni

Mama mpendwa,

Natumaini umelala vizuri na magoti yametulia. Mimi sasa nalala.

Oduor alinipigia. Hakusema mengi, unamjua. Aliuliza ule muhula wa Septemba unalipwa pesa ngapi, na mwisho lini. Nikamwambia, hayo ni mambo ya mama mkwe wako, wewe huwezi kuuliza. Akasema, "Basi uliza wewe."

Nauliza, Mama.

Binti yako,
Maryanne