Kipande Kilichokatwa kwa Upana

Mpendwa yaya, mkubwa wangu,

Tangu tukuzike, mashine ya kuvuta plastiki ili kupima nguvu yake iko pale pale katika karakana yetu ya mtaa wa Bigo, na bado inanguruma kabla ya kuanza kazi kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Siku hizi ni mimi ninayeiendesha. Leo nimekukumbuka sana, kwa sababu ya mguu wa mama.

Pikipiki ilipomgonga, akakatwa mguu chini ya goti, na ule wa bandia aliopewa ukapasuka unyayo kabla mvua hazijaisha. Ukasema tutamtengenezea unyayo sisi wenyewe, wa plastiki iliyochanganywa na nyuzi fupi za kioo. Nilicheka. Kioo ndani ya kiatu cha mama! Ukanionyesha nyuzi zenyewe, fupi kuliko punje ya mchele, ukanieleza kwamba plastiki peke yake hunyumbuka mno, na nyuzi ndizo zinazoipa nguvu.

Ulikuwa na tabia iliyonichosha. Kipande kikivutwa hadi kikatike, paa, mimi nilikimbilia namba kwenye mashine, chifre kama ulivyoiita, wewe ukanishika mkono.

"Angalia uso kwanza, pale imekatika. Chifre iko, haikimbie."

Tulipachunguza mahali palipokatika kwa kioo cha kukuza. Nyuzi zikiwa zimechomoka nzima na kuacha vitundu, ulijua plastiki haikuzishika vizuri, ukanuna. Kisha ulikata kipande kingine kwa upana wa bamba, maana plastiki ya moto ikiingia kwenye kalibu, nyuzi nyingi hulala kufuata mkondo wake, na bamba likivutwa upande huo hujifanya shujaa. Mama alipiga kelele kutoka uani: "Pole pole ndio mwendo, lakini miye niko nakaa tu!" Tulicheka, tukaendelea kukata.

Ulikufa kabla hatujapata unyayo wa kumfaa, na mwezi huu fundi wa kalibu alileta bamba jipya. Nilikata vipande kwa urefu, vikastahimili kuliko vyote tulivyowahi kuvuta mimi na wewe. Umeme ukakatika kabla sijafika kwenye vile vya upana. Fundi hakungoja, akatengeneza unyayo, na mama akawatangazia wamama wote wa kwaya kwamba Jumapili ya Matawi ataingia kanisani bila magongo. Umeme ulirudi Jumamosi jioni. Nilivuta vipande vya upana kimoja baada ya kingine, na vyote vilikatika mapema, kavu kama biskuti, uso umejaa vitundu.

Jumapili asubuhi nilimkuta mama amekwisha kuvaa mguu, na kitenge kipya juu yake.

"Mama, vua. Ile haiko nguvu."

"Fundi alisema iko nguvu."

"Kwa urefu tu. Weye unashukaka mulima, mguu unapinda kando."

"Yaya yako angenipatia hii mguu."

Hilo liliniuma, yaya. Nilimkasirikia mama, nikakukasirikia na wewe uliyekufa ukaniachia jibu la kutoa. Ningeweza kumwambia kwamba haya yote wewe ndiye uliyenifundisha, na angeuvua papo hapo. Lakini sikutaka kujificha nyuma ya kaburi lako.

"Mama, ni miye nasema. Itavunjika, na utaanguka."

Aliniangalia. Barabarani wamama wa kwaya walikuwa wanapita na matawi yao, wakiimba, na mmoja akaita jina lake. Mama aliinama, akalegeza mikanda mwenyewe, akanikabidhi mguu ukiwa bado na kiatu alichokipaka rangi tangu Jumamosi.

"Leta magongo," akasema. "Na kesho ukate ingine."

Tulifika kanisani wa mwisho. Leo ni Jumatatu, umeme upo, na mama ameleta kiti chake, amekaa mlangoni pa karakana ananingojea nianze.

Pumzika, yaya.

Mdogo wako wa kike