Hewa ya Juu Haijatulia, na Mimi Sisaini

Kituo cha Hali ya Hewa,
Chumba cha Kujazia Puto.
Tarehe 9 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Wifi anaendeleaje na presha? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, anabishana na redio kutwa, na anashinda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unanisihi nisaini, niombe radhi, mambo yaishe. Nakupenda, Kaka, lakini hapo umekosea.

Kazi yangu unaijua juujuu. Asubuhi na jioni naachia puto lenye kipimo. Linapanda kupita ndege zote mpaka linapasuka, na njiani linatutumia habari za joto na upepo. Huko juu hewa inajaa na kupwa kila siku kama maji ya bahari, ila linaloiendesha ni joto la jua. Ndiyo maana tarakimu zangu za jioni hazilingani na za asubuhi. Tofauti hiyo nayo ina majira yake: miezi mingine inanenepa, mingine inakonda, na mwaka ukizunguka inarudi vilevile. Nimeiona miaka tisa.

Mkuu wa kituo anasema ni uzembe wangu, eti naacha kipimo kipashwe na jua. Ameandaa fomu: nikiri kosa, na vipimo vyangu vyote vya jioni vifutwe. Nisiposaini, kazi sina. Ushahidi wake ni madaftari ya kabla sijaajiriwa, ambamo tarakimu za asubuhi na jioni zinafanana kabisa.

Jua kupasha kipimo, sikatai. Hilo tunalirekebisha kwenye hesabu. Je, upepo? Huo tunaujua kwa jinsi puto linavyosukumwa, si kwa kipimo kinachopashwa na jua, nao unabadilika kwa majira yaleyale. Nilipomweleza akanijibu, "Dada, wewe achia puto, ya angani tuachie wenyewe." Nilimcheka usoni, na sijutii.

Jumatatu niliyashusha madaftari hayo kutoka juu ya kabati, nikapiga chafya mpaka machozi yakanitoka. Kufanana kupo, Kaka, lakini mpaka desimali? Hata kimo cha kupasukia ni kilekile, asubuhi na jioni, siku mia mbili mfululizo! Maputo mawili hayapasukii mahali pamoja hata ukiyabembeleza. Kuna mtu alikuwa akiachia la asubuhi tu, jioni ananakili tarakimu zilezile, kisha huyo nyumbani.

Jana Mkuu alinisogezea fomu na kalamu. Mimi nikamfungulia daftari. Mwandiko ni wake.

Alivua miwani, akaifuta. "Nilikuwa kijana," akasema. "Yaishe, basi, saini."

Nilimwambia hata mimi nilikuwa kijana, na puto la jioni niliachia. Hasira ilinipanda. Niliondoka na fomu ikiwa tupu, nikatuma tarakimu za miaka tisa yote makao makuu, za jioni zikiwemo, pamoja na nakala za kurasa zake.

Anaweza kunifukuza bado, maana mhuri anao yeye. Naogopa, sikufichi. Lakini usiniandikie tena habari za radhi.

Msalimie Wifi, wabusu mapacha, na Shangazi mwambie asiniombee busara, aniombee nguvu. Mola awafunike kwa rehema zake nyote.

Dada yako akupendaye, na ambaye hajasaini,

Kitinda Mimba wenu